Nani Hupona Mgeni Akija? Uhamiaji na Uchumi wa Karatu na Ngorongoro

Kutoka ukingo wa Bonde la Ufa unaoinuka juu ya Ziwa Manyara hadi lango la Lodoare, ambako msitu wa Ngorongoro unaanza, gari huchukua muda usiozidi saa moja na nusu. Katika eneo hilo dogo na mabonde yanayolizunguka husikika lugha za jamaa mbalimbali za Afrika: Kihadza chenye sauti za kidoko, Kiiraqw cha jamii ya Kikushi, Kidatoga na Kimasai za Kiniloti, na lugha za Kibantu walizokuja nazo Wanyaturu, Wanyiramba, Warangi, Wachaga na Wapare. Wahadza wa Ziwa Eyasi ndio peke yao wasiosimulia kwamba babu zao walitoka kwingine. Waliobaki wote walikuja, na kila kundi kubwa lilipofika uchumi wa mahali uligeuka: ng'ombe, kilimo cha samadi, kahawa, ngano, vitunguu, na hatimaye watalii.

Kwa hiyo hapa ni mahali pazuri pa kulipima swali ambalo nchi tajiri zimelibishania kwa zaidi ya karne moja. Wahamiaji hukuza uchumi wa wanaowapokea, au huwapokonya wenyeji riziki yao? Wahenga wetu walilijibu kwa maneno manne tu: mgeni njoo mwenyeji apone. Historia ya nyanda hizi inaonyesha kuwa jibu hilo ni la kweli nusu. Mgeni akija, yuko anayepona, ila si lazima awe mwenyeji. Anayeamua ni yule mwenye kauli juu ya ardhi, maji na soko siku mgeni anapobisha hodi.

Ubishi wa Miami

Kati ya Aprili na Oktoba 1980, Wakuba wapatao 125,000 walipanda vyombo katika bandari ya Mariel wakavuka bahari hadi Florida, Marekani. Karibu nusu yao walibaki Miami, na nguvukazi ya mji huo ikaongezeka kwa takriban asilimia 7 katika miezi michache. Mwaka 1990 mwanauchumi David Card alichapisha utafiti uliolinganisha Miami na miji mingine ya Marekani. Hakuona dalili kwamba wenyeji walishushiwa ujira au walikosa kazi kwa sababu ya wageni. Tafiti zake za soko la ajira zilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya Uchumi mwaka 2021. Baadaye George Borjas, mwanauchumi aliyezaliwa Cuba, aliupitia upya mkasa ule ule. Yeye aliwatazama wanaume ambao hawakumaliza sekondari, akasema ujira wa hao ulianguka vibaya.

Wanazuoni wangali wanavutana juu ya nani alihesabu sawasawa. Kwa msomaji wa historia, la kushika ni kwamba wawili hao hawakuwa wakimtazama mtu mmoja. Mji mzima waweza kusonga mbele huku kundi moja ndani yake likirudi nyuma, na wastani hautalionyesha. Karatu na Ngorongoro hatuna takwimu za ujira za karne mbili, lakini tuna kumbukumbu za nani alishika nini, nani alihama na nani alihamishwa. Hizo zinatosha kutuonyesha yale ambayo wastani huyafunika.

Kabla ya hati na mipaka

Chini ya nyanda za Ngorongoro, upande wa kaskazini-mashariki, yapo magofu ya Engaruka: mashamba ya umwagiliaji yaliyogawanywa kwa kuta za mawe, yenye ukubwa wa hekta zipatazo 2,000. Wakulima wake walichepusha vijito vinavyoteremka milimani na kuvipeleka kwenye vipande vyao, wakaishi hivyo kuanzia karibu karne ya 15 hadi karne ya 18, kisha wakaondoka. Engaruka inatukumbusha kwamba utajiri wa eneo hili ulitegemea maji ya milima ya Ngorongoro tangu zamani, karne nyingi kabla ya wakulima wa vitunguu wa leo.

Juu ya nyanda hizo walitawala Wadatoga na ng'ombe wao, hata ndani ya kreta yenyewe. Katika karne ya 19 Wamasai waliwashinda kwa vita na kuwasukuma kusini, kuelekea Eyasi, Mbulu na Hanang. Hadi leo wazee wa Kidatoga hulienzi kaburi la mkubwa wao lililobaki katika kreta hiyo. Waliopokea ujio huo hawakuulizwa. Ng'ombe waliongezeka, malisho yalipata wachungaji hodari, ila faida yote iliandikwa kwa jina la mshindi.

Wairaqw walichagua njia nyingine. Walijibana katika nchi yao ya milimani ya Irqwar Da'aw, Kainam na vilima vya jirani, wakiwa wamezungukwa na wafugaji wenye nguvu kuliko wao. Nyumba zao zilichimbwa ubavuni mwa kilima, paa likalingana na ardhi, ng'ombe wakalala ndani pamoja na watu ili wavamizi wasiwaone. Kwa kuwa hapakuwa na pa kupanuka, walijifunza kulima sana mahali padogo: samadi shambani, mazao ya mseto, matuta ya kuzuia maji yasibebe udongo, majani ya kukatia mifugo. Ujuzi huo ulizaliwa na ufinyu. Baadaye, ardhi ya kaskazini ilipofunguka, ndio uliokuwa mtaji wao mkubwa.

Mwaka wa njaa

Mlango wa kaskazini ulifunguliwa na msiba. Kuanzia karibu mwaka 1890 ugonjwa wa sotoka ulifyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, na ndui ikafuata kwa watu. Machi 1892 Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, aliteremka katika kreta ya Ngorongoro, Mzungu wa kwanza anayejulikana kufika humo, akaandika juu ya Wamasai waliodhoofishwa na njaa hata wakawa mifupa mitupu. Watu waliokuwa mabwana wa nyanda hizo walitawanyika kutafuta chakula kwa jamaa na majirani. Ng'ombe walipopungua, vichaka viliota juu ya malisho, na mbung'o wakaja na vichaka.

Watawala wa Kijerumani waliikuta nchi katika hali hiyo, wakaisoma kana kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote. Amri ya mwaka 1895 ilitamka kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Ndani ya sheria hiyo mchungaji aliyehama kwa sababu ya njaa, akitumaini kurudi ng'ombe wakiongezeka, alikuwa hana kitu. Ndivyo Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, ndugu wawili wa Kijerumani, walivyopata mashamba ndani ya kreta yenyewe, wakafuga ng'ombe hadi Vita Vikuu vya Kwanza vilipowang'oa. Magofu ya makazi yao yangalipo.

Siedentopf na wenzake walikuwa wahamiaji, ingawa hatujazoea kuwaita hivyo. Tofauti yao na Mkuba wa Miami ni kwamba wao walifika na hati mkononi, na serikali nyuma yao.

Kahawa ya Oldeani

Baada ya vita hivyo Tanganyika iliwekwa chini ya Waingereza, na katikati ya miaka ya 1920 Wajerumani waliruhusiwa kurudi. Wengi walipewa ardhi katika miteremko ya Oldeani na Karatu, yenye udongo wa volkano na ukungu wa asubuhi unaoifaa kahawa. Shamba ambalo leo linajulikana kama Gibb's Farm lilianzishwa mwaka 1929 katika wimbi hilo. Kwa miaka michache vilima vilivyokuwa msitu na malisho vikawa mistari ya mibuni, na nyanda hizi zikaunganishwa na wanunuzi wa kahawa wa Ulaya.

Mashamba yalihitaji mikono, na mikono haikupatikana kirahisi. Mwiraqw mwenye shamba lake na ng'ombe wake alikwenda kuchuma kahawa alipotaka fedha ya kodi tu, kisha akarudi kwake. Kwa hiyo vibarua walitafutwa mbali zaidi, hasa katika nyanda kavu za katikati ya nchi kama Singida na Kondoa, ambako kodi ilikuwa ile ile lakini mvua ilikuwa chache na zao la kuuza lilikosekana. Walifanya kazi kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi zilizopigwa alama moja moja, wakalala katika kambi za shamba. Wapo waliorudi kwao na wapo waliobaki, wakaoa na kuolewa, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi kwa kuwa hapakuwa na nyingine ya wote.

Kuna methali ya mgeni wa siku mbili ambaye siku ya tatu hupewa jembe. Oldeani iliigeuza. Mgeni ndiye aliyempa mwenyeji jembe, na shamba la kulimwa lilikuwa la mgeni.

Mwaka 1939 vita vilipozuka tena, Wajerumani wa Oldeani walikamatwa na mashamba yao yakawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui. Baadaye yalikodishwa kwa wengine. James Gibb, Mwingereza aliyepigana vita hivyo, alichukua moja ya mashamba hayo mwaka 1948. Wenye mashamba walibadilika mara moja, lakini kahawa iliendelea kuchumwa, kwa sababu udongo, wachumaji na wanunuzi walikuwa bado wapo.

Linganisha na Uganda. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na biashara zao zikagawiwa watu wengine. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi, vilivyojengwa na familia za Madhvani na Mehta, vilikuwa na miwa ile ile na mitambo ile ile, lakini uzalishaji uliporomoka, kwa kuwa walioondoka walikuwa wamebeba ujuzi, mikopo ya kuaminiana na mitandao ya wauzaji wa vipuri. Familia hizo zilirudi miaka ya 1980 kufufua viwanda vyao. Wakati huo huo, Waganda wa Kiasia wapatao 28,000 waliingia Uingereza. Baraza la mji wa Leicester lilikuwa limeweka tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije, likidai mji umejaa. Walikuja hivyo hivyo, wakafungua maduka na viwanda vidogo, na barabara ya Belgrave ambayo wengi waliiona imechoka ikawa moja ya mitaa ya biashara inayojulikana zaidi mjini humo.

Kwa hiyo kabla ya kusema wageni wamekuza uchumi, ni vyema kuuliza walibeba nini. Waliofika Leicester walibeba ujuzi na kuaminiana, na ukuaji uliwafuata walikokwenda. Walowezi wa Oldeani nguvu yao kubwa ilikuwa hati ya ardhi na uwezo wa kuita vibarua, ndiyo maana ukuaji ulibaki mahali pale pale walipoondoka.

Jembe la ng'ombe, kisha trekta

Wimbi lililoibadilisha Karatu kuliko mengine yote halikutoka ng'ambo. Tangu mwanzo wa karne ya 20 Wairaqw walianza kushuka kutoka Irqwar Da'aw na kuelekea kaskazini. Hofu ya uvamizi ilikuwa imepungua, milima ya nyumbani ilikuwa imejaa, na kaskazini palikuwa na ardhi. Serikali ya kikoloni nayo ilisukuma upande huo huo. Ilihofia mmomonyoko wa udongo Mbulu, ikaendesha kampeni za kufyeka vichaka vya mbung'o na kupunguza mifugo, na maeneo yaliyofyekwa yakawa mashamba.

Waliofika Karatu walikuta kinyume cha walikotoka. Kule ardhi ilikuwa finyu na mikono mingi. Huku ardhi ilikuwa tele na mikono michache. Jembe la kukokotwa na ng'ombe lilienea. Kisha, baada ya Vita Vikuu vya Pili, bei ya ngano ilipokuwa nzuri, likaja trekta. Mtafiti Philip Raikes aliyeichunguza Karatu miaka ya mwanzo ya uhuru alielezea tabaka jipya la wakulima wa Kiiraqw waliokuwa na matrekta, wakilima eka nyingi za ngano, nyingine wakizikodi kwa majirani wasio na nguvu ya kuzilima. Hawa walikuwa wahamiaji wa kizazi cha kwanza au cha pili, nao walikuwa miongoni mwa wakulima wa Kiafrika waliotumia mashine nyingi zaidi Tanganyika.

Mashine huingia pale mikono inapopungua, na hilo limeonekana hata Marekani. Mwisho wa mwaka 1964 serikali ya huko ilisitisha mpango ulioleta vibarua wa Meksiko kwa mikataba, ikitarajia kwamba wakulima wangewaajiri Wamarekani kwa ujira mkubwa zaidi. Watafiti waliopitia takwimu za miaka hiyo wamekuta kwamba ujira haukupanda kama ilivyotarajiwa. California wenye mashamba ya nyanya walinunua mashine za kuvunia, na kwingine watu walipunguza mazao yaliyohitaji mikono mingi. Ugumu wa kupata vibarua hauishii mifukoni mwa vibarua waliopo. Mara nyingi huishia katika namna nyingine ya kulima.

Lakini ngano ya Karatu ililimwa juu ya malisho ya mtu. Kila eka iliyopinduliwa na trekta ilikuwa eka moja pungufu kwa ng'ombe wa Mdatoga na Mmasai wakati wa kiangazi, na kadiri mashamba yalivyoshuka kuelekea Eyasi yaliwasogelea Wahadza, ambao hawakuwa na shamba la kuonyesha wala zizi la kuhesabu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 na operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 vilipunguza nguvu za wakulima wakubwa na kuwakusanya watu vijijini, ila havikuigusa kanuni iliyokuwa imekwisha kuzoeleka: aliyelima anaonekana, aliyechunga au aliyewinda haonekani.

Vitunguu vya Mang'ola

Ukitoka Karatu mjini na kuteremka kusini-magharibi kuelekea Ziwa Eyasi, joto huongezeka na vumbi hubadilika rangi, halafu ghafla huja kijani. Ni Mang'ola, ambako chemchemi zinabubujika chini ya nyanda za juu, kubwa miongoni mwake ikiwa ya Qangdend. Maji hayo yananyesha kama mvua na ukungu juu ya misitu ya Ngorongoro, yanapenya chini kwa chini na kutokea bondeni. Kwa mifereji yake Mang'ola imekuwa moja ya ghala kubwa za vitunguu Tanzania, hata mbegu maarufu ikapewa jina lake, Mang'ola Red.

Hapa karibu kila kazi ina mgeni wake. Mwenye eneo hulikodisha kwa msimu. Mwenye mtaji, mara nyingi mtu wa Arusha, Moshi au Karatu, hununua mbegu na mbolea. Anayesimamia shamba aweza kuwa Mnyiramba, na vibarua wa kupandikiza miche kutoka kitaluni, kupalilia, kung'oa na kukata majani hutoka Singida, Kondoa, Babati na kwingine. Dalali hukaa katikati ya mkulima na mnunuzi, na malori hubeba magunia hadi Dar es Salaam na Nairobi. Gunia lenyewe mara nyingi ni lumbesa, limejazwa kupita mdomo wake na kushonwa kwa kamba, mkulima akilipwa bei ya gunia moja kwa mzigo unaozidi gunia moja. Serikali imepiga marufuku lumbesa mara nyingi.

Je, wageni hao waliwapunja wenyeji? Kwa wengi hapana. Mwiraqw mwenye eneo karibu na mfereji hupata kodi asiyoweza kuipata kwa mahindi. Wengine huacha jembe na kuingia katika kazi zilizozaliwa na vitunguu: kuendesha lori, kuuza pembejeo, kupangisha vyumba, kupika chakula cha vibarua. Denmark imeonyesha jambo la namna hiyo. Watafiti Mette Foged na Giovanni Peri walifuatilia wakimbizi waliogawiwa katika wilaya mbalimbali za nchi hiyo, wakaona wenyeji wenye elimu ndogo walihamia kazi zisizotegemea nguvu za mikono, na ujira wao ukapanda. Mgeni alishika jembe, mwenyeji akapanda ngazi.

Ila ngazi hiyo hupandwa na aliyekwisha kuwa na mguu ndani. Mdatoga anayefuata maji ya chemchemi kwa ng'ombe wake hukuta mfereji umekata njia. Mhadza hukuta miti ya matunda, nyuki na wanyama wamepungua, huku mawindo yake yakitafsiriwa kuwa ujangili. Zamani palikuwa na mabadilishano yaliyoeleweka, mfua chuma wa Kidatoga akimtengenezea Mhadza vichwa vya mishale kwa asali na nyama. Uchumi wa kitunguu unahesabu gunia, haukuacha nafasi kwa asali. Hapo ndipo Card na Borjas wote wawili wangeweza kuona walichokiona: wilaya ikikua, na watu fulani ndani yake wakibaki nje ya hesabu.

Upande wa pili wa lango

Wakati Karatu ilikuwa ikifungua milango, Ngorongoro ilikuwa ikiifunga. Mwaka 1958 wazee wa Kimasai walitia saini makubaliano ya kuondoka Serengeti ya magharibi, na mwaka 1959 ikaanzishwa Hifadhi ya Ngorongoro yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 8,300, mahali ambapo wanyamapori, mifugo na watu wangeishi pamoja. Wakazi wa wakati huo walikadiriwa kuwa 8,000 hivi, na wengine walikuwa ndio kwanza wamehamishwa kutoka Serengeti. Katikati ya miaka ya 1970 maboma yaliyokuwa chini katika kreta yaliondolewa na kilimo kikapigwa marufuku. Mwaka 1979 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kilimo kiliruhusiwa tena mwaka 1992, na mwaka 2009 kikazuiwa upya.

Ngorongoro ilikataa mgeni wa kuhamia, ikamfungulia mgeni wa kupita. Mtalii hulipa kiingilio langoni, hushuka kreta asubuhi na kuondoka jioni. Nchi nzima ilipokea watalii wa kimataifa wapatao milioni 1.8 mwaka 2023, na Ngorongoro ni miongoni mwa vivutio vyake vikuu. Barabara ya lami kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani, iliufanya mji wa Karatu kuwa chumba cha kulala cha kreta. Kilichozuiwa kujengwa juu kikajengwa chini: hoteli, kambi, gereji, maduka ya vinyago. Baadhi ya mashamba ya kahawa ya walowezi yakawa nyumba za wageni. Shamba la Gibb lilianza kupokea wageni wa kulala mwaka 1972. Wapishi, madereva waongozaji na mafundi walifika kutoka Kilimanjaro, Arusha na Tanga. Chini ya ukingo, Mto wa Mbu, wachongaji wa Kimakonde kutoka kusini mwa nchi na wachoraji wa Tingatinga waliweka vibanda vyao. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabia Wilaya ya Karatu, iliyokatwa kutoka Mbulu miaka ya 1990, watu 230,166.

Kwa hiyo ukuaji wa Karatu una chanzo ambacho si rahisi kukiona ukiwa Karatu. Maji ya Mang'ola, ukungu wa kahawa ya Oldeani na mtalii anayelala mjini vyote vinategemea msitu na kreta vibaki jinsi vilivyo. Gharama ya kuvibakiza imebebwa zaidi na mchungaji wa upande wa pili wa lango, aliyezuiwa kulima, aliyefungiwa sehemu za malisho, na ambaye idadi yake imeongezeka hadi zaidi ya 100,000 ndani ya mipaka ile ile. Tangu Juni 2022 serikali imekuwa ikihamisha familia kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, Wilaya ya Handeni, ikisema uhamaji ni wa hiari na unaokoa hifadhi. Wamasai wengi wameupinga, ndani ya nchi na mbele ya mahakama. Huko Msomera nako walikuwapo watu kabla, nao wanaishi na swali ambalo Mdatoga aliliishi karne ya 19: mgeni huyu ameletwa na nani, na ardhi anayopewa ilikuwa ya nani?

Kilichoamua

Tukiweka mawimbi haya pamoja, hatuoni kwamba wingi wa waliokuja ndio uliokuza uchumi, wala kwamba uliuangusha. Wairaqw wenye ujuzi wa samadi na jembe la ng'ombe walibadilisha nchi kuliko walowezi wenye hati na benki nyuma yao. Vibarua wa Singida walikuza utajiri wa Oldeani bila kupata sehemu yake, na watu kutoka sehemu hizo hizo leo wanapata sehemu kubwa zaidi Mang'ola, kwa sababu pale mtu aweza kukodi eneo, kununua mbegu na kuuza gunia kwa jina lake mwenyewe. Kanuni iliyomkuta mgeni langoni ndiyo iliyotofautisha hali hizi.

Upande wa wenyeji jambo liko wazi zaidi. Walioumia katika kila wimbi ni wale ambao matumizi yao ya ardhi hayakuwa yameandikwa popote kabla mgeni hajafika: mchungaji aliyehama kwa msimu, mwindaji aliyefuata nyuki. Jambo hilo linaweza kurekebishwa. Mwaka 2011 Wahadza wa Bonde la Yaeda, Wilaya ya Mbulu, walipewa hatimiliki ya kimila ya pamoja juu ya ardhi yao, na kwa hati hiyo wameweza hata kuuza hewa ukaa ya misitu waliyoilinda kwa karne nyingi bila kulipwa. Mgeni anayefika Yaeda leo hukuta watu wa kuzungumza nao, na bei ya kujadiliwa. Karatu itaendelea kupokea watu, kwa kuwa chemchemi na kreta zitaendelea kuwaita. Kazi iliyobaki kwa halmashauri na serikali za vijiji ni kuandika, kabla ya wimbi lijalo, nani anachunga wapi, nani anawinda wapi, na zamu ya maji ya nani inaanza lini.